Kubadilisha mkanda wa saa bila kukwaruza kasha: tatizo ni zana au ni mkono?

mshale_mfupi aliuliza:

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Nina saa ya mkononi yenye kasha la chuma kisichoshika kutu, upana wa milimita 20 kati ya masikio (zile ncha za kasha zinazoshika mkanda), pamoja na mkanda wa chuma iliotoka nao kiwandani. Sehemu ya juu ya masikio imepigwa brashi, yaani ina vile vistari vyembamba vinavyokwenda upande mmoja, lakini ubavu wake umeng'arishwa kiasi kwamba unaweza kujiona uso. Ningependa kuvaa mkanda wa ngozi siku za kazi na kuurudisha ule wa chuma siku nyingine, na hii maana yake ni kwamba pini zinazouunganisha mkanda na kasha zitafunguliwa na kufungwa mara kwa mara, si mara moja baada ya miaka kadhaa.

Kinachonifanya niulize ni kwamba fundi niliyempa kazi hii hapo awali aliirudisha saa ikiwa na mkwaruzo mrefu nyuma ya sikio moja, na vidoti kadhaa ukingoni, pale pale mwanga unapopiga. Alitumia bisibisi ndogo ya kawaida na alimaliza haraka sana. Tangu hapo nimeazimia kuifanya kazi mwenyewe, lakini sitaki kuanza kabla sijaelewa nifanye nini na kwa nini.

Masikio ya saa hii hayana matundu yanayotokea nje, kwa hiyo pini haiwezi kusukumwa kutoka ubavuni. Je, mkwaruzo hutokana na zana yenyewe au na namna mkono unavyoiendesha? Kuna haja ya kubandika tepu kwenye masikio, na kama ipo, ni tepu ya aina gani? Na zile zana zenye ncha za plastiki zinafaa kweli, au hununuliwa kwa hofu tu? Nitashukuru kupata maelezo ya mtu anayeifanya kazi hii kwa mkono wake.

fundi_wa_meza alijibu:

Ndugu mshale_mfupi, karibu. Vyote viwili vinahusika, ila mkono unahusika zaidi, na nitaeleza sababu.

Chuma cha kasha ni laini kuliko watu wengi wanavyodhani. Saa nyingi hutengenezwa kwa chuma cha aina ya 316L, ambacho ugumu wake ni takriban 150 hadi 200 kwa kipimo cha Vickers, ilhali ncha ya zana nzuri ya chuma kilichokazwa hupita 500. Vitu hivyo viwili vikisuguana kwa nguvu, kitakachochubuka ni kasha siku zote. Kwa hiyo shabaha yako iwe kuhakikisha kwamba hakuna nguvu inayoelekea kwenye kasha wakati wowote wa kazi, hata zana ikiteleza.

Ili ufanikiwe katika hilo, elewa kwanza pini ilivyo. Ni mrija mwembamba wenye springi ndani yake, na ncha zake mbili huingia katika vitundu vilivyochimbwa upande wa ndani wa masikio. Karibu na kila ncha pini huwa na bega, yaani ukingo mdogo uliotokeza kuzunguka mrija, na uma wa zana hukaa nyuma ya bega hilo, upande wa sikio, ukalisukuma kuelekea katikati ya mkanda. Mwendo unaohitajika ni mfupi mno, takriban milimita moja. Springi yenyewe ni dhaifu. Ukijikuta unakaza mkono, basi uma haujalikamata bega, na dawa yake si kuongeza nguvu bali ni kuutoa na kuuingiza upya.

Hapo ndipo bisibisi inapoharibu kazi. Haina uma wa kulishika bega, kwa hiyo mtu huiingiza kati ya mkanda na sikio kisha akaigeuza kuwa mtaimbo, shina lake likiegemea ukingo wa sikio. Ule mkwaruzo mrefu wa nyuma uliouona ni alama ya mahali bisibisi iliporuka, na vile vidoti vya ukingoni ni mahali ilipoegemea. Zana inapaswa kwenda sambamba na pini, ikielekea katikati ya mkanda, na isiguse kasha popote. Ikiteleza katika mwelekeo huo, itaishia kwenye ngozi au kwenye kitambaa.

Kuhusu zana yenyewe, tafuta ya pini yenye uma upande mmoja na sindano upande wa pili. Sindano ni kwa ajili ya masikio yaliyotobolewa hadi nje, kwa hiyo wewe hutaihitaji. Kampuni ya Bergeon ya Le Locle, Uswisi, hutengeneza zana zenye uma mwembamba na nyingine zenye uma mpana kidogo. Ule mwembamba ndio unaofaa kwa mkanda wa ngozi, kwa sababu nafasi kati ya ngozi na sikio ni finyu. Kabla ya kuitumia, iwe ya bei yoyote, itazame ncha yake kwa kioo cha kukuzia. Mara nyingi pembe za nje za uma huwa kali kama wembe kwa jinsi zilivyokatwa kiwandani. Zisugue taratibu kwa msasa laini mpaka zilainike, lakini usiuguse mdomo wa ndani wa uma, maana huo ndio unaolishika bega.

Saa ilale kifudifudi juu ya kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, na kifungo cha kurekebishia kisibebe uzito wake. Kitambaa kikung'ute kwanza. Chembe za mchanga huwa na kwazi, madini ambayo ugumu wake ni 7 kwa kipimo cha Mohs. Kioo cha yakuti samawi kina 9 na hakitadhurika, lakini kioo cha madini cha kawaida kiko chini ya hapo, na cha akriliki kiko chini zaidi. Watu wengi hulinda masikio kwa uangalifu mkubwa huku upande wa pili kioo kinasagwa na mchanga.

Kisha shika mkanda wa ngozi kwa kidole gumba karibu kabisa na kasha, ukiivuta ngozi kidogo upande mmoja ili bega la pini lionekane. Ingiza uma, sukuma kuelekea katikati, na wakati huohuo uinue mkanda upande ule kiasi kidogo tu ili ncha isirudi kwenye kitundu. Upande wa pili utatoka wenyewe. Kidole chako kiendelee kuifunika pini muda wote, kwa sababu springi ikiachiliwa ghafla huirusha, na ikielekea usoni ni hatari kwa jicho. Mimi huvaa miwani hata kwa kazi ya dakika moja.

Tepu ninaikubali, tena naisisitiza kwa mtu anayeanza. Ibandike nyuma ya masikio na ubavuni.

kioo_safi alijibu:

Nakubaliana na fundi katika mengi, ila kuhusu tepu ningependa kuongeza tahadhari, kwa sababu nimeona watu wakiichukulia kama ngao.

Ncha kali ya chuma inaipasua tepu ya karatasi ya mafundi rangi bila shida yoyote. Kinachozuiwa na tepu ni mguso mwepesi: shina la zana likipita, mkanda wa chuma ukigonga, ukucha wa uma ukiteleza bila uzito. Hayo nayo ni mengi, kwa hiyo sisemi iachwe. Nasema tu kwamba mtu asiongeze nguvu eti kwa kuwa amebandika tepu. Vilevile, ukiibandika juu ya masikio yenye uchafu, unazifungia chembe hizo kati ya gundi na chuma, kisha unazikandamiza kwa vidole kila unaposhika saa.

Kwa hiyo usafi utangulie. Jasho, mafuta ya ngozi na vumbi hujikusanya kati ya mkanda na kasha mpaka pini inaganda ndani ya kitundu chake, na pini iliyoganda ndiyo inayomshawishi mtu kutumia nguvu. Ikiwa saa yako inavumilia maji na kifungo chake kimefungwa sawasawa, sugua nyuma ya masikio kwa mswaki laini na maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kisha ikaushe kabisa. Kama haivumilii maji, mswaki mkavu na kijiti cha meno vinatosha. Pini ikiendelea kukataa, tone dogo sana la mafuta mepesi kwenye ncha yake, likiachwa kwa saa chache, husaidia kuliko msuli.

Aina ya tepu ninayoipendelea ni ile ya poliimaidi, ya rangi ya kaharabu, inayotumiwa na mafundi wa elektroniki. Ni nyembamba sana, ni ngumu kuchanika, na gundi yake haiachi utando. Ya mafundi rangi nayo inafaa nje ya masikio, lakini ni nene mno kwa upande wa ndani.

Zana za ncha za plastiki zina mahali pake. Kwa kasha lililopakwa rangi nyeusi, au la dhahabu ya karati 18 ambayo ni laini, na kwa mkanda mwembamba wa ngozi au wa kitambaa, plastiki ni chaguo la busara. Lakini ncha hizo hupinda upesi zikikutana na pini yenye springi ngumu, na uma uliopinda huteleza zaidi kuliko wa chuma. Zihesabu kuwa vitu vya kutumia na kutupa.

Neno la mwisho kwa mtu anayetaka kubadilisha mara kwa mara: nunua mkanda wa ngozi wenye pini za kuachia haraka, zile zenye kishikizo kidogo nyuma kinachovutwa kwa ukucha. Unaingiza kwanza ile ncha isiyo na kishikizo, unavuta kishikizo, unaweka ncha ya pili mahali pake, unaachia. Hakuna chuma kinachokaribia masikio.

mshale_mfupi aliandika:

Nawashukuru nyote wawili kwa kunielimisha. Upande wa ngozi sasa umenielea vizuri, na nitatafuta wenye pini za kuachia haraka. Kilichobaki ni mkanda wa chuma, ambao bado unanitia wasiwasi. Kipande chake cha mwisho kimechongwa kufuata mviringo wa kasha na kimekaa karibu mno, hata ncha ya ukucha haipiti. Nimeugeuza nikaona kwamba kwa nyuma kuna vipenyo viwili vidogo, kimoja kila upande, na ndani yake pini inaonekana. Nikiufungua upande mmoja kwa uma, si lazima niupindishe mkanda ili upande huo usirudi? Na nikiupindisha, si ndio utakwaruza?

fundi_wa_meza alijibu:

Umeliona tatizo lenyewe, ndugu yangu. Kwa mkanda wa chuma, zana si adui mkubwa tena. Adui ni mkanda wenyewe, kwa kuwa pembe za kile kipande cha mwisho ni za chuma kilekile cha kasha na zimechongwa kwa ukali ili zikae sambamba na masikio. Ukiokota saa iliyotumika ukakuta ndani ya masikio kuna alama za upinde, kama zilizochorwa kwa bikari, ujue alama hizo zilichorwa na mkanda ulioachwa uning'inie kwenye ncha moja ya pini huku ukizunguka.

Hatua ya kwanza ni kuuondolea mkanda uzito wake. Ufungue kwenye kufuli lake ili ziwe nusu mbili zisizounganika. Ile pini ndogo ya kwenye kufuli hutolewa kwa urahisi, na huko hakuna kasha la kuharibu. Sasa kila nusu inalala tambarare juu ya kitambaa badala ya kuvutwa na mwenzake. Wengi huiruka hatua hii kwa kuiona ni usumbufu, nami naiona kuwa ndiyo inayofaa kuliko zote.

Vipenyo ulivyoviona viliwekwa makusudi kwa ajili ya zana. Ukiwa na uma mmoja tu, ingiza kwenye kipenyo cha kwanza, sukuma bega kuelekea katikati, na kwa kidole cha mkono mwingine usogeze kipande cha mwisho kutoka nyuma ya kasha kwa unene wa karatasi, si zaidi. Usikipindishe, kisogeze tu kiasi cha ncha ya pini kupita ukingo wa kitundu chake. Ncha hiyo sasa itakuwa imebanwa na ukuta wa sikio na haiwezi kurudi. Fanya vilevile upande wa pili, na kipande kitatoka kimenyooka. Kabla ya kuanza, bandika ile tepu ya kaharabu kwenye kuta za ndani za masikio kwa kadiri nafasi inavyoruhusu, ikiwa chini ya usawa wa vitundu.

Kama utaifanya kazi hii kila wiki, kuna kibano maalumu ambacho meno yake mawili hubana mabega yote mawili kwa wakati mmoja. Bergeon wanacho, namba 7825, na wengine wameiga umbo hilo. Kwa kuwa pini inafupishwa pande zote kwa pamoja, kipande cha mwisho hutoka na kuingia kwa mstari ulionyooka bila kupinda hata kidogo. Kwa saa yenye vipenyo kama yako, hicho ndicho ningekushauri ukitafute kabla ya kitu kingine chochote.

Kurudisha ni kugumu kuliko kutoa, na makovu mengi hupatikana hapo. Weka pini ndani ya kipande cha mwisho, ingiza ncha moja kwenye kitundu chake, kisha uhakikishe kwamba kipande kimelingana na kasha pande zote kabla hujaigusa ncha ya pili. Bana bega la pili kwa uma, shusha kipande taratibu, na ncha ikiwa imeshapita ukingo wa sikio na kubanwa na ukuta wake wa ndani, ondoa uma. Kuanzia hapo kidole ndicho kinachosukuma, wala si zana. Ukisikia mlio mfupi wa ncha kuingia, simama. Usipousikia, usiutikise mkanda mbele na nyuma ukiitafuta ncha, kwani kufanya hivyo kunachimba mfereji kutoka ukingoni hadi kwenye kitundu. Toa, tazama kwa kioo cha kukuzia uone pini imepotoka wapi, kisha uanze upya.

kioo_safi aliongeza:

Nikubaliane na fundi kuhusu kibano. Ninachotofautiana naye ni uzito anaoupa ukuta wa ndani wa masikio. Alama za huko hazionekani saa ikiwa imevaliwa mkanda, nazo hazidhoofishi chochote. Mtu akihangaika sana kuzizuia hata mkono ukaanza kutetemeka, ataharibu ubavu ambao kila mtu anauona. Ulinzi wa kwanza uwe wa sehemu za nje.

nuru_ya_saa alijibu:

Heshima kwenu, mafundi. Naomba kusema kidogo kuhusu ule mkwaruzo ambao tayari upo, kwa sababu mshale_mfupi ameutaja na hakuna aliyeugusia.

Ndugu, tafadhali usikimbilie kuung'arisha. Kung'arisha ni kuondoa chuma kilicho kando mpaka kilingane na kina cha mkwaruzo, na kila unapofanya hivyo ule ukingo mkali unaotenganisha sehemu ya brashi na sehemu inayong'aa unazidi kuviringika. Kasha lililopoteza kingo zake halirudishiki kwa urahisi. Dawa za kung'arishia metali, zikisuguliwa juu ya sehemu iliyopigwa brashi, hufuta vile vistari na kuacha doa linalong'aa ambalo linaonekana zaidi kuliko mkwaruzo wa awali. Mkwaruzo wa nyuma ya sikio hugusana na ngozi ya mkono tu. Ningeuacha.

Vilevile si kila kasha huumia kwa namna moja, kwa hiyo wasomaji wengine wasichukue maelezo ya chuma wakayatumia kwa kila saa. Titani isiyo na tabaka la kuikaza huchubuka upesi, ingawa huonekana kama metali ngumu kwa sababu ya sifa zake nyingine. Kasha la seramiki ya zirkonia lina ugumu unaopita 1,000 kwa Vickers, kwa hiyo zana ya chuma haitalikwaruza. Itaacha mstari wa kijivu ambao ni chuma cha zana yenyewe kilichobaki juu. Seramiki lakini humeguka ikigongwa ukingoni, na huko ndiko mtu anapaswa kuelekeza hofu yake. Rangi nyeusi ya PVD, yaani tabaka linalowekwa juu ya chuma kwa mvuke ndani ya ombwe, nayo ni ngumu lakini ni nyembamba mno: ikishatobolewa, chuma cheupe kinatokeza na hakuna kitambaa cha kukirudishia weusi.

mshale_mfupi aliuliza tena:

Nimekuelewa, nuru_ya_saa, na nitauacha mkwaruzo ulivyo. Swali langu la mwisho ni kuhusu pini. Naweza kutumia pini zilezile za mkanda wa chuma kwa mkanda wa ngozi usio wa kuachia haraka, au kila mkanda uwe na zake?

fundi_wa_meza alijibu:

Kila mkanda uwe na zake, na zikae pamoja nao hata ukiwa kabatini. Mkanda wa chuma huwa na mrija wenye upana maalumu, na pini nyembamba ikiwekwa humo mkanda hucheza na kuanza kusugua masikio kila unapotembea. Pini za kawaida za mikanda ya ngozi huwa na unene wa milimita 1.5 au 1.8, lakini saa nyingi za kupigia mbizi za Seiko, kwa mfano, zimeundwa kwa pini nene za milimita 2.5 zenye ncha pana kuliko kawaida. Ncha nyembamba katika kitundu kipana itacheza, na saa inaweza kukuponyoka mkononi. Pima upana wa masikio kwa kalipa kabla ya kununua mkanda wowote, kwa sababu zipo saa za milimita 19 na 21 ambazo wenyewe hudhani ni 20, na mkanda wa ngozi uliolazimishwa kwenye nafasi iliyo finyu kwa milimita moja hauachi nafasi ya uma kuingia.

Ukimaliza kufunga, shika kasha kwa mkono mmoja na mkanda kwa mwingine, uvute kwa uthabiti, kwanza ukienda sawa na mkono, kisha ukielekeza nguvu kwenye kila sikio kwa zamu. Pini iliyoingia nusu hutoka hapo hapo, juu ya kitambaa. Na pini ambayo springi yake imelegea, au ambayo ncha yake imepinda hata kidogo, usiirudishe.